Tarehe ya Kesi na Siku ya Bamvua

Habari za kifo chake nilizipata Ijumaa baada ya sala, kwa mpwa wake ambaye ni jirani yangu hapa Mpendae: bibi yule mkulima wa mwani wa Paje amefariki na keshazikwa. Wasomaji wangu mnajua nilikotoka. Niliondoka kisiwani na begi moja, nikafua mashuka ya watu ughaibuni, nikarudi na diploma, nikajenga nyumba bila kushikwa mkono na mtu. Ndiyo maana karatasi za serikali zikiingia mtaani huletwa kwangu, na zake aliniletea yeye mwenyewe.

Alimshitaki mwenye hoteli aliyetaka kuuzungushia ukuta uwanja ambao bibi aliurithi kwa mama yake, na ndipo alipokuwa akianika mwani. Bila uwanja ule hakuwa na kazi. Kila tarehe ya kesi alikuja mjini siku moja kabla, akalala kwa mpwa wake, asubuhi akawahi mahkamani. Wakili wa hoteli mara yuko safarini, mara ana kesi nyingine. Shauri likaahirishwa mara sita. Tarehe ya saba iliangukia bamvua, zile siku chache ambazo maji hukupwa sana na mwani huvunwa. Akaja kuniuliza.

"Mwani ushakomaa, mwanangu. Nikiuwacha, mawimbi yataubeba. Na mahkama waniita. Nende wapi?"

"Nenda kavune, Bi mkubwa," nilimjibu bila kusita. "Wataahirisha tu, nshawajua."

Siku hiyo wakili alifika. Mdai hayupo, shauri likafutwa. Nilifuatana na bibi kuomba lirudishwe. Karani, mtu mwenye adabu, akamuuliza kama ana cheti cha hospitali.

"Sikuwa mgonjwa," akasema. "Maji yalikupwa."

Mtu mmoja nyuma yetu akamtania kwamba basi akailete bahari itoe ushahidi. Bibi hakucheka. Maombi yalikataliwa, ukuta ukapanda, na miaka yake ya mwisho alianika mwani kwenye nyua za watu, kwa kuomba ruhusa.

Sikusikia harufu ya rushwa pale, wala hakuna aliyemtukana. Kila mmoja alifuata kanuni, na hilo ndilo linalonikera. Kanuni ile inamfaa mtu ambaye kazi yake humngoja mpaka atoke mahkamani. Mwenye uwezo huweka mtu wa kuhudhuria kwa niaba yake, na huyo asipofika, huitwa mwenye udhuru. Asiye na uwezo huhudhuria mwenyewe; akikosa siku moja, amepoteza haki.

Nilidhani kumsaidia ni kumsomea karatasi, na kusoma najua. Kumbe mwenye elimu akishatoa ushauri, naye abebe sehemu ya hatari yake. Siku ile sikuwa na shughuli. Ningeweza kwenda kusimama mbele ya hakimu na kumwambia kwamba bibi yuko baharini, anaomba asubiriwe. Nilikaa nyumbani.