Mtihani wa Bwawa

Signe Halvorsen alifaulu kila kitu alichofundishwa katika Chuo cha Nordahl, isipokuwa kulala juu ya maji.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, kimekaa kilimani katikati ya mashamba ya mahindi ya Iowa, na udogo wake ulikuwa wa namna hii: ukipiga chafya maktabani, bwaloni wanakupa pole. Humo mtu alisoma falsafa asubuhi, wadudu mchana, jioni akaimba kwaya, kisha akaambiwa kwamba yote hayo ni elimu moja. Signe aliyapenda yote. Lakini wazee wa kanisa waliokianzisha, watu waliovuka bahari kutoka Norwei, waliacha sharti ambalo hakuna mkuu wa chuo aliyethubutu kulifuta. Havai joho la mahafali asiyeweza kuogelea bwawa kwenda na kurudi, kisha akaelea chali dakika kumi bila kugusa ukingo.

Wenzake walilitimiza sharti hilo wiki ya kwanza, wakicheka. Signe mwaka wa kwanza alisingizia sikio. Wa pili, mafua. Wa tatu hakusingizia kitu, alijificha tu. Sasa ulikuwa wa nne, theluji imeyeyuka, mahafali yananukia, na Jumapili baba yake alipiga simu.

"Nimeongea na Arvid jirani," alisema. "Atatukamulia ng'ombe. Mimi na mama yako tunakuja wote wawili."

Signe aliishika simu kwa mikono miwili. Ng'ombe hawajui sikukuu. Tangu azaliwe, hakuwahi kuwaona wazazi wake wameketi pamoja mahali popote penye jambo lake. Akija mmoja, mwingine yuko bandani na ndoo.

"Upo?" baba aliuliza.

"Nipo, Baba. Vizuri. Vizuri sana."

Habari za bwawa hakumwambia.

Aliyeambiwa ni Dessa Whitlow, mwenzake wa chumbani, msichana wa Milwaukee aliyekulia kando ya ziwa na kuogelea kama aliyezaliwa na mapezi.

"Hebu nielewe, shoga," Dessa alisema, miguu juu ya meza. "Unaandika tasnifu nzima kuhusu roho ya binadamu, halafu unashindwa na maji yanayokufika kifuani?"

"Roho haiingii puani."

"Wee! Na ulimi unao kumbe. Basi kaongee na maji hivyo hivyo, yatakuogopa."

Kesho yake alikwenda kwa Kocha Brandvold, mama mnene mwenye filimbi shingoni, akaanza kujifunza. Ratiba yake ilikuwa haina mwanya hata wa sindano. Alfajiri aliosha vyombo bwaloni, akaenda darasani, akarudi kwenye tasnifu, na jioni alikuwa dada wa bweni, anayegongewa mlango na watoto wa mwaka wa kwanza wenye kulilia wapenzi na mama zao. Bwawa alilibana katikati, saa ya chakula cha mchana, akala mkate akitembea.

Kuogelea alikuweza upesi, kwa mabavu. Mikono iliyokamua tangu utotoni haikushindwa kuyasukuma maji. Kuelea ndiko kulikomshinda. Kila alipolala chali, miguu ilitangulia chini, kiuno kikafuata, naye akaibuka anakohoa.

"Unafanya nini?" Kocha aliuliza.

"Naelea."

"Huelei. Unafanya kazi ya kuelea. Shingo imekaza, ngumi umekunja, tumbo kama ubao. Ukifanya kazi, binti, unazama."

"Sasa nifanye nini?"

"Usifanye kitu."

Signe alimtazama kama mtu aliyeambiwa asipumue. Kwao, aliyelala chali mchana kweupe ni mgonjwa au maiti. Kwao hata wageni walipewa maharage wachambue huku wakizungumza. Alirudi majini akajitahidi kutojitahidi, akazama tena.

Habari zikaenea. Profesa wake wa falsafa, mzee mpole, alimsimamisha kwenye ngazi. "Signe, nasikia bado unatutembelea sakafu ya bwawa?" Watoto wa bweni wakamwekea bata wa plastiki mlangoni. Alicheka nao, kisha akafunga mlango, akakaa kitandani na kuitazama mikono yake.

Alijaribu mtihani Jumatatu. Dakika ya pili akashika ukingo. Kocha akatikisa kichwa. "Alhamisi ndiyo ya mwisho. Baada ya hapo majina yanakwenda kuchapwa, na mimi siwezi kusema uongo."

Alhamisi alifika akiburuta miguu. Asubuhi ile alikuwa amewasilisha tasnifu, na kabla ya hapo msichana mmoja wa bweni alikuwa amemwaga machozi begani kwake mpaka fulana ikalowa. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mpika kwa kuni.

"Tuahirishe hadi jioni?" Kocha aliuliza.

"Nimeahirisha miaka minne, Kocha."

Akajitosa. Alikwenda, akagusa, akarudi, mikono mizito kama kamba zilizolowa. Dessa, ameketi kwenye benchi, alipiga kelele, "Twende, mjukuu wa mabaharia!" Kisha Signe akageuka chali, na Kocha akabonyeza saa yake.

Mwanzoni alizihesabu kazi zake, kama kawaida. Vyombo vya alfajiri ya kesho, na miguu ikashuka kidogo. Kikao cha bweni, ikashuka tena. Kiangazi kinachomngoja nyumbani, ndama, nyasi za kukata, banda la kupaka chokaa. Kiuno kikaanza kuondoka. Akataka kukaza shingo ajiokoe, na shingo ikakataa. Wala hakuamua kuacha. Nguvu ziliisha tu, kama mafuta ya taa yanavyoisha. Kichwa kikaanguka nyuma, masikio yakaingia majini, dunia ikanyamaza.

Na miguu ikapanda yenyewe.

Alilala hapo. Darini palikuwa na doa la unyevu alilolitazama bila kulifikiria. Machozi yalimtoka, yakateremka kwenye nywele, yakaenda zake majini bila kumsumbua mtu. Alikuwa amechoka kwa muda mrefu mno, tangu kabla hajajua jina la uchovu, na mara hii hakuna aliyemdai chochote.

Filimbi ililia. Hakuisikia.

"Kocha, muda si umekwisha?" Dessa aliuliza, amesimama. "Mbona hatoki?"

"Mwache," Kocha alisema, akaandika jina, akaketi.

Alipotoka mwishowe, Dessa alimfunika taulo na kumkumbatia bila kumtania, jambo lililomshtua zaidi ya maji. Signe akapiga simu nyumbani, nywele bado zinachuruzika. Nyuma ya sauti ya baba yake alisikia ndoo zikigongana.

"Baba, mje. Yote tayari."

"Si nilijua! Tukitoka huko turudi pamoja, nyasi zitakuwa zimefikia kukatwa, tutaanza—"

"Baba. Nikifika nitalala kwanza."

"Utalala?"

"Siku kadhaa. Arvid aendelee kukamua. Nimechoka."

Ndoo ziliacha kugongana. Ng'ombe mmoja alilia kwa mbali. Signe alingoja, ngumi amezifungua, na hakuongeza neno la kumwondolea baba uzito wake.

"Haya," baba alisema mwishowe, taratibu, kama anayejifunza neno geni. "Basi utalala, mwanangu."