Titi la Uzi wa Pamba

Gatete, kijiji cha utoto wangu nchini Burundi, kilinuka mawese yanayochemka. Msimu wa mavuno moshi wake uliingia hadi kanisani, na humo ndimo, kila Jumamosi, Mama Furaha alitufundisha kufuma. Alikuwa mshonaji aliyehamia kutoka Uvira, Kongo, na upande mmoja wa blauzi yake ulikuwa bapa. Alikuwa amekatwa titi hospitalini. Wanawake walimtazama, wakageuza macho, kwa sababu ugonjwa ule haukutajwa kwetu. Ulinong'onwa kama laana.

Yeye aliamua kuutaja kwa mikono. Wasichana sita tulifuma matiti ya uzi, tukayajaza pamba, na ndani ya kila moja tukaficha kokwa ya chikichi, ili wanawake wayabonyeze na kujua uvimbe unavyohisika. Mwanzoni tulicheka hadi machozi. Langu lilikuwa gumu kama jiwe.

"Mutoto, ile iko ngumu sana," alisema. "Fumua, anza tena."

Nilifumua mara nne. Lilipokubali, nilimpelekea mama, mwanamke mkimya aliyerudi Burundi baada ya miaka mingi ya ukimbizi Tanzania. Alikuwa akichambua ndagala, dagaa wa ziwani. Alijifuta mikono kwa kitenge, akalibonyeza huku akitabasamu. Vidole vilipofika kwenye kokwa, tabasamu likakatika.

"Nani amekwambia uiweke hapa?"

"Mama Furaha. Ndiyo uvimbe wenyewe."

Mama akauchukua mkono wangu, akauweka kifuani pake, karibu na kwapa. Uvimbe ulikuwepo.

"Tangu Pasaka," alisema. "Usimwambie baba yako."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Baba sikumwambia, nilikimbia kwa Mama Furaha, nikijiona msaliti njia nzima. Alikuja, akajifungia chumbani na mama hadi kilio cha mama kikaisha. Asubuhi wote wawili walipanda basi la Bujumbura.

Mama alikatwa titi, akaishi. Lakini kwa wiki nyingi hakunisemesha, na kimya kile kiliniuma kuliko fimbo. Halafu Jumamosi moja aliingia kanisani, akaketi kwenye benchi letu, akaomba sindano.

Siku hizi wasichana wa Gatete wanautaja ugonjwa huo kwenye foleni ya zahanati bila kuinamisha kichwa. Juzi binti yangu aliniuliza mezani, mbele ya wageni, bibi yake, aliyeketi nasi, aliponaje. Nikajikuta ninanong'ona.

"Mama, sema kwa sauti," akaniambia.

Mama yangu akacheka, akasogeza sahani yake, akaanza kusimulia mwenyewe.