Jiwe Nililoutupia Mzinga

Ndoa iliponishinda nilirudi kwetu Mitundu, nikakuta mke wa kaka yangu ndiye mwenye mji. Alinipa pa kulala stoo, kando ya magunia ya alizeti. Siku iliyofuata, mbele ya wanawake waliokuwa wakiteka maji, alisema nimerudishwa kama mbegu isiyoota. Walicheka. Nami nilicheka nao.

Siku ya tatu tulikwenda porini kuokota kuni. Wifi alikaa chini ya mti ambako kaka alitundika mzinga, akavua ndala, akaanza kujichomoa mwiba. Mimi nilikuwa juu kidogo, kwenye mwinuko. Nikaokota jiwe. Sikumlenga yeye, nililenga mzinga, na shabaha ninayo tangu nilipokuwa nafukuza ndege shambani.

Nyuki walimshukia wote. Alikimbia pekupeku, khanga ikamvuka, akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Nililala kifudifudi kwenye nyasi, na kwa kitambo kidogo nilicheka. Halafu akaacha kupiga kelele, kicheko kikanikauka.

Alilazwa wiki mbili. Jicho la kushoto halikuona tena. Mama mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi aliniona nikitupa, akawaeleza polisi.

Nilishtakiwa kwa shambulio la kudhuru mwili. Nilijitetea kwamba sikukusudia kumuumiza, nilitaka tu nyuki wamkimbize. Hakimu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliniuliza kama nilijua mzinga ule una nyuki. Nilijua. Akauliza kama nilimwona wifi pale chini. Nilimwona.

"Uliiona hatari, na bado ukatupa," akasema. "Sheria hii tuliachiwa na Waingereza, na kwa kosa hili si lazima uwe ulilitaka jicho lake. Kutojali kwako kunatosha."

Nilifungwa miezi minane. Nilipotoka nilimkuta wifi uani anapepeta mtama. Nikampa pole. Aliendelea kupepeta, ungo ukipanda na kushuka, kisha akaniuliza bila kugeuka, "Ulitaka nife?"

"Hapana, wifi."

"Sasa ulitaka nini?"

"Ukimbie. Watu wakucheke."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa alichokuwa anakijua. Kaka akatoka ndani na begi langu, limeshafungwa, akaliweka njiani. Hata shikamoo yangu hakuiitikia.