Mkono wa Agnesi, na kibao nilichompiga mbele ya ukoo

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Wakuu, hili sikusimuliwa na mtu, ni langu mwenyewe, na sehemu inayoniaibisha sitairuka.

Ni miaka ya tisini, kijijini kwetu Namswea, huko milimani, wanunuzi binafsi wa kahawa ndio wameanza kuingia na magari yao. Binti yangu Agnesi alikuwa na miaka tisa.

Sisi Wamatengo tuna sengu. Ukoo mzima mnakula pamoja kwa babu, mnaongea ya familia, na watoto wanafundishwa adabu hapo hapo. (Mliokulia mjini poleni, hamjui mlichokosa.)

Jioni moja Agnesi akapiga magoti kumnawisha baba yangu. Mkono ukaruka. Maji yote mapajani kwa mzee.

"Huyu mtoto ana dharau," mzee akasema. "Mmemlea wenyewe."

Nikamwamuru aombe radhi. Akafungua mdomo, uso ukajikunja, ulimi ukatoka nje. Wote tukaona anamkejeli babu yake.

Nikamzaba kibao.

Kwa wiki kama mbili kabla ya hapo alikuwa anaangusha vitu, mwandiko umeharibika, bega linaruka. Tukaita utundu.

Kesho yake mchana nikamkuta amelala juu ya magunia, pembeni ya kichanja cha kuanikia kahawa. Ukungu unapita taratibu, mara namwona vizuri, mara simwoni. Mkono umetulia. Uso umetulia. Nikakaa pale sijui muda gani, hata kugeuza kahawa nikasahau. Ni kama mimi ndiye niliyelala.

Akafumbua macho. Vidole vikaanza kucheza vyenyewe.

Wakuu, niliumia. Dharau gani inayokoma mtu akisinzia?

Nikateremka naye hadi hospitali ya misheni, ziwani. Njia nzima Nyasa iko chini yetu, buluu, na milima ya ng'ambo inaelea kama haijashika ardhi.

Daktari, mama mtu mzima, hakuniuliza mimi. Alimuuliza yeye: "Mwanangu, mkono unafanyaje?"

"Nauambia utulie, haunisikii."

Kumbe miezi michache nyuma aliumwa koo na homa, tukampa maji ya chumvi asukutue, tukasahau. Daktari akanieleza kwamba koo la namna hiyo lisipotibiwa, baadaye ubongo unaweza kuathirika na viungo vikacheza bila kutumwa. Moyo nao huguswa. Wa Agnesi ulikuwa umeshaanza kuathirika.

Akachomwa sindano kila mwezi ili ugonjwa usirudi, miaka na miaka. Mkono ulitulia ndani ya miezi michache. Moyo ulipona taratibu, nikiwa na hofu muda wote.

Leo ni mama wa watoto wawili. Mwenye mtoto anayerusharusha viungo, weka fimbo chini, muulize mwenyewe, kisha mpeleke hospitali. Mliopitia haya andikeni hapa, mniseme pia, nimezoea.

Juzi nilimuuliza mbona siku ile hakujitetea.

Akacheka kidogo. "Baba, ningemwambia nani? Wote mlikuwa mmeshajua."