Mashavu ya Zaina

Siku yangu ya kwanza kazini Lubumbashi nilikaripiwa hata kabla sijazoea harufu ya wodi. Mkuu wa tiba ya ndani, mwanamke mkali kuliko dawa yoyote aliyoandika, alinikuta nimeshika kifundo cha mkono mmoja wa mgonjwa nikihesabu mapigo. "Na ule mukono ingine ni ya nani?" aliuliza. "Docteur, muntu iko na mikono mbili. Shika yote!" Wanafunzi waliotoka chuo kikuu cha Kasapa walicheka. Nilikasirika, lakini tangu hapo nilishika yote, hata waliponihamishia Sakania, mpakani, ambako nilitibu malaria na mbavu zilizovunjika za madereva wa malori mpaka nikachoka.

Niliporudi Lubumbashi, sasa mimi mwenyewe mkuu wa wodi, akaja Zaina, mshonaji wa mtaa wa Kamalondo, mama kijana wa familia iliyotoka Maniema. Mkono wa kushoto ulimchoka kila akivuta kitambaa kwenye mashine, na kichwa kilimzunguka. Kifundo cha kulia kilipiga vizuri. Cha kushoto, kimya. Ulikuwa ugonjwa adimu, sisi tunauita vaskularite: kinga ya mwili inaishambulia mishipa ya damu, kuta zinavimba, njia inakuwa nyembamba.

Nilimwandikia prednisolone, dawa ya jamii ya kortizoni, ya kutuliza uvimbe huo.

"Zaina, hii dawa, usiiache mara moja," nilimwambia. "Mwili inaizoea. Ukiiacha gafla, utakufa. Unasikia?"

"Nasikia, Papa Docteur."

Na alisikia kweli. Mkono ulipata nguvu, akarudi kushona. Lakini kortizoni pia hujaza mashavu na kunenepesha. Mimi niliyaita madhara; mtaani waliyaita uzuri. Vidonge hivyohivyo vinauzwa sokoni kwa wanawake wanaotaka kunona, na wanaoviuza wanajua wanachofanya. Nawachukia mpaka leo.

Wifi yake, dada wa mumewe, aliyaona mashavu hayo. Akaanza kuomba vidonge, kisha akawa anajichukulia. Zaina aliona haya kumnyima. Vikaisha mapema, na Zaina hakuja kuniambia.

Walimleta Zaina alfajiri akitapika, shinikizo la damu liko chini kabisa. Mwili uliozoea kortizoni ya kidonge huacha kutengeneza ya kwake. Tulimchoma hidrokortizoni, tukamtundikia maji. Alinishika koti.

"Docteur, usibagombeze. Ni ba famille."

Alikufa asubuhi hiyo. Mashine yake ndugu waliigombania kabla ya matanga kwisha.

Sasa nimestaafu. Vijana wananiuliza kama uzee umenituliza. Haujanituliza hata kidogo, wala sitaki. Ugonjwa ule ulikuwa mgumu, na tuliuweza. Kilichonishinda ni tamaa ya mashavu.

Juzi yule wifi wa Zaina alibisha mlangoni kwangu, amelegea, midomo mikavu.

"Docteur, tangu binini, bile bidonge, bilikwisha ku soko, ninakonda, na kichwa inazunguka. Uniandikie ile ya Zaina."

Nilitaka kumfungia mlango usoni. Lakini alikuwa amevimeza muda mrefu, vya Zaina kisha vya sokoni, na mwili wake nao ulikuwa umesahau kazi yake. Nikimfukuza, naye angekufa. Nikamkalisha, nikampima, nikamwandikia vidonge vilevile, vya kupunguza polepole, na kumwamuru aende hospitali saa ileile.

Aliikunja karatasi ndani ya kitenge chake, akatabasamu.

"Aksanti, Docteur. Nilijua weye unapenda bantu banone."