Mwanamke wa Mwimo na Mlizamu

Tembe la jirani yetu pale Ng'ambo ya Tabora, nyumba ya zamani yenye paa bapa la udongo, lilipoanguka kwa masika, watu waligombania nguzo nzima na kuacha vilivyobaki. Mimi nikaokota vilivyobaki: mwimo wa mlango uliolainishwa na mabega ya wapitao, komeo la mti, bawaba zenye kutu, na mlizamu, ule mdomo wa mti unaotema maji ya mvua kutoka darini. Nikaongeza debe la mafuta ya taa. Marehemu mume wangu alikuwa seremala na vyombo vyake vilikuwa vimelala tu, nikavitia kazini. Haukupita muda, uani kwangu akasimama mwanamke aliyenizidi kimo: mwimo ndio mgongo, debe ndilo tumbo, komeo mabegani, na mlizamu ndio uso.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa karani na mkalimani bomani. Alikuwa mtu wa kuvaa soksi ndefu juani na kuamini kwamba hata jasho lake limesoma. Alipoiona sanamu alitema mate kando.

"Shemeji, unatuaibisha. Mjane mzima unaokota takataka! Watu watasema unaloga."

"Waache waseme. Wewe unasemaje?"

"Nasema ichome moto."

Wiki ileile mke wa mkubwa wake, Mzungu, alipita mtaani akitafuta vikapu, akaiona sanamu ikichungulia juu ya ua wangu, akashangilia. Kesho yake shemeji akaja amepiga pasi shati, na ile takataka imekwisha kuwa "kazi ya ukoo wetu". Memsahibu aliitaka kwa maonyesho nyumbani kwake. Nikakubali, maana nilitaka watu waione.

Siku ya maonyesho nilivaa kanga mpya nikaenda. Niliikuta barazani, karibu na mlango. Kwenye komeo wametundika kofia za wageni, ndani ya debe wamesimamisha miavuli, na juu ya mlizamu wamechomeka manyoya ya kuku. Wenyewe wanakunywa chai, na shemeji amesimama kando ya memsahibu.

"Shemeji, muulize manyoya haya ya nini."

Akauliza kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Yule mama akacheka, akajibu kwa maneno mengi.

"Anasema bila manyoya hakuna atakayejua kwamba imetoka Afrika."

"Mwambie sikutengeneza kuku. Hiyo ni nyumba, na nyumba hiyo ililaza wapagazi kabla babu yake hajajua Tabora iko upande gani."

Shemeji akamgeukia, akatabasamu, akasema maneno mafupi sana. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, lakini neno la kushukuru nililijua.

Nilidhani nitakasirika. Nilichoona ni kinyaa tu, kama mtu aliyekuta unywele kwenye ugali. Nikazitoa zile kofia, miavuli na manyoya, nikaviweka sakafuni, kisha nikaanza kuifungua sanamu. Viungo vyake nilivishikiza kwa vigingi vya mti, kwa hiyo vilichomoka kwa mkono. Bwana mmoja mwenye masharubu akapiga makofi. Alidhani ni sehemu ya maonyesho.

"Shemeji, utanifukuzisha kazi!" alininong'oneza.

"Basi shika upande wa pili wa mwimo."

Hakushika. Aliinama akaziokota kofia, akawa anazipangusa kwa leso yake kana kwamba ni watoto walioanguka.

Nikafunga vipande vidogo pamoja na debe ndani ya kanga, nikajifunga mgongoni, mwimo nikajitwika, nikashika njia kuu mchana kweupe. Wanawake wa mtaa wa Isevya waliokuwa wakitoka sokoni wakanipokea mwimo, tukaenda tunapokezana mpaka Ng'ambo, nikaisimamisha tena uani.

Shemeji hakufukuzwa. Alipandishwa cheo, kama ilivyotarajiwa. Serikali ile haikuwaacha watu wa namna yake wapotee. Kwangu hakukanyaga tena mpaka mama mkwe alipofariki. Siku hiyo alikuja, akapita kando ya sanamu bila kuitazama, tukasalimiana, tukazika, akaenda zake.