Kilio Nilichonong'ona

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya teatre, hakuna mutu aliyeniona. Ilikuwa katika sale, ndiyo ukumbi, ya parokia, mutaa wa Mabanga, hapa Goma. Mukubwa wa kundi, muzee aliyekuwa mwalimu zamani, alinipa kiti nyuma ya pazia na karatasi za muchezo. "Utakuwa suflèr," aliniambia. Suflèr ni mwenye kufuata maneno yote kwa macho, na muigizaji akisahau, anamunong'onea. "Ukifanya vizuri, Mama Béatrice, watu watarudi nyumbani bila kujua kama ulikuwa hapa." Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari tu, basi nilifikiri amenipa kazi ndogo juu ya masomo yangu machache. Leo sijui tena kama ilikuwa ndogo.

Baadaye nikapata rôle, ndiyo kusema sehemu ya mutu wa kuigiza. Nilicheza mama mukwe, nilicheza muuza makala, ndiyo makaa ya kupikia, mara moja hata shefu wa kijiji, juu mwenye ile sehemu alishikwa na malaria. Lakini watu walinijua juu ya kulia. Machozi yangu yalikuja bila kitunguu. Ule muzee alipochoka, kundi likapata mukubwa mwingine, tuliyemuita Directeur. Nitaandika mabaya yake hapa chini, basi ni haki niandike na hili: mama yangu alipougua, ni yeye alimubeba kwa pikipiki yake mpaka hospitali, katika yale mawe ya volkano, polepole kama amebeba mayai.

Tulikuwa na desturi. Mbele ya kutunga muchezo, tunakwenda kukaa na watu tutakaowachezea, tunasikiliza. Tuliita kukusanya. Kule Mugunga, katika kambi ya wakimbizi, tulikaa na mukulima mumoja wa Masisi, Mama Zawadi. Alituambia namna mutoto wake alikuwa anaficha jembe asubuhi, ili mama asiende shamba. Yule mutoto alikufa njiani, wakati wa kukimbia. Jembe lilifika. "Naliweka pale, nalikuta pale," mama alisema. "Sasa nani atalificha?" Aliyasema akiniangalia machoni. Directeur alikuwa anaandika.

Baada ya wiki mbili akagawa sehemu. Yangu ilikuwa mama aliyefiwa, na kilio chake kilikuwa maneno yale yale ya Mama Zawadi, hata jembe, na tungeyacheza Mugunga, mwenyewe akiangalia. Kwetu, kwenye matanga, mwanamuke analilia mutu wake kwa maneno yake mwenyewe. Niliona ni kama kuvaa nguo ya mwenzangu mbele yake. Nikakataa.

Hapo nilikosa. Sikwenda kumuambia Directeur mwenyewe. Niliogopa uso wake, nikamupa Neema, muigizaji mwenzangu, zile karatasi azirudishe. Directeur akapata habari katikati ya mazoezi, mbele ya kundi zima. Neema aliniambia namna alisema machozi yangu yameisha, sasa najifanya padiri. Siku ile ile akatuma sauti yake katika grupe ya telefone ya watu wote wa teatre wa hapa Goma: mwenye kazi asiniite, mimi ni mutu wa kuacha wenzake njiani. Tena akamupigia bwana yangu, kumuuliza kama ni yeye ananikataza kucheza. Bwana yangu akamujibu, "Papa, mimi hata chumvi siwezi kumukataza huyu mama."

Nilicheka, kisha nikaogopa. Teatre ndiyo kazi peke niliyoijua, na ile sauti ilikuwa inanifungia mulango wake. Katika kaye yangu, ndiyo daftari, niliandika majibu matatu. Moja lilitaja kigugumizi cha Directeur. Niliyapasua yote, na lile la kigugumizi nikalipasua tena vipande vidogo. Kesho yake asubuhi nikaenda sale, nikasimama mbele yake.

"Papa Directeur, nilikosa kumutuma Neema. Naomba musamaha. Ile rôle sitaikamata. Na maneno uliyotuma kwa telefone si maneno ya kazi. Uyatoe wewe mwenyewe."

"Na kama sitayatoa?"

"Basi utaniona hapa kila siku. Umemupa Neema ile rôle, amebakiza siku sita za kushika maneno, na hamuna suflèr."

Alisukuma kiti nyuma ya pazia kwa muguu, nikakaa. Siku zote sita hakutaja jina langu. "Pazia," alikuwa anasema, "mupe neno." Wengine walicheka. Nilimupa neno.

Kule Mugunga tulifunga shuka kati ya miti miwili, watu wakajaa mpaka juu ya mawe. Neema alicheza vizuri hadi kwenye kilio. Pale akamuona Mama Zawadi ameketi mbele, maneno yakamupotea. Karatasi ilikuwa mukononi mwangu, na hapakuwa na mwingine wa kuyasema. Nikanong'ona: "Sasa nani atalificha?" Neema akayapokea, akalia, na watu wakalia naye.

Muchezo ulipoisha, Mama Zawadi akazunguka shuka. Directeur alikuwa pale anakunja kamba. Mama hakumuangalia.

"Nimesikia sauti yako ikitangulia ya muigizaji," aliniambia. "Ile siku, maneno nilikupa wewe. Mbona unanililia kwa kujificha?"

Directeur alimuandika bila kumuuliza, nami nilimulinda bila kumuuliza.

Katika gari la kurudi Directeur hakuniomba musamaha. Alitoa telefone, akasema ndani yake, sote tukisikia, kigugumizi kikimushika mara mbili: "Niliyosema juu ya Mama Béatrice ilikuwa hasira. Anajua kazi. Mumuite." Kisha akageukia dirisha.

Sasa nimeacha kazi, magoti yamekataa. Vijana wa teatre wanakuja kuniuliza namna ya kukataa rôle, na namna ya kukaa na mukubwa aliyekutukana juu ya kukataa. Nawasimulia haya, na kosa langu la kumutuma Neema nalitaja la kwanza. Kwamba nilikuwa na haki ya kukataa, naamini. Kwamba nilikataa juu ya Mama Zawadi, wala si juu ya woga wangu wa kulia mbele yake, sina hakika.

Mwaka uliofuata ule muchezo wa Mugunga, Directeur alinirudishia zile karatasi za kilio, mukono kwa mukono, na akaniita kwa jina. Nikamuambia nitamuuliza kwanza mwenye kilio. Nilipofika Mugunga, kambi ilikuwa imevunjwa. Nilizunguka nikimuulizia Mama Zawadi, mumoja alisema amerudi Masisi, mwingine alisema alionekana katika kambi ya Kanyaruchinya. Sikumupata. Karatasi ziko ndani ya kaye hii. Maneno yote nayajua kwa kichwa, na mpaka leo sijayasema kwa sauti.